Arudi Akinenepa

Mapacha wangu walizaliwa kabla ya mwezi wao, mmoja ana nyama kidogo, mwenzake mifupa na macho. Wiki sita zilipofika niliwapeleka chanjo kliniki ya Bariadi. Nesi akamchoma mkubwa pajani. Mdogo akamning'iniza kwenye mizani, akaguna. "Huyu arudi akinenepa." Jirani yangu, naye ana mtoto njiti, akaambiwa hivyohivyo. Nesi yule alichagua watoto kama watu wanavyochagua mbuzi mnadani.

Nyumbani mama mkwe akaja juu. "Mayu, mama watoto, mapacha hawatendewi mbalimbali! Mmoja akipewa na mwenzake apewe, la sivyo atasusa, atatutoka." Mume wangu, bendera fuata upepo, akatoka mbio kutafuta dawa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye shelfu mbili kafungua duka la dawa. Akarudi na mwenye duka mmoja, mtu aliyekuwa akitupunja kwenye mizani ya pamba, sasa anaitwa daktari kwa sababu ana sindano. Eti atamchoma mdogo vitamini ili alingane na dada yake.

"Kamchome mama yako," nilimwambia huyo mwenye duka. Mume wangu akainama, akatazama viatu vyake. Niliona aibu kuolewa naye.

Siku ya kliniki iliyofuata nilikaa kwenye benchi, nikagoma kuondoka mpaka mganga mfawidhi, mkuu wa kliniki, akatoka ofisini. Alimkagua mtoto, akamtazama akinyonya, akamgeukia nesi. "Mtoto mzima huyu. Tunahesabu umri, sio kilo. Mchome." Nesi akamchoma huku kanuna, utadhani chanjo imetoka shambani kwao.

Nikapitia kwa jirani kumweleza. Akasema yeye hawezi kubishana na nesi. Ameambiwa asubiri, atasubiri. Nesi alipafahamu kwake, wala hakujisumbua kwenda kumwita.

Miezi michache baadaye, wangu wakiwa wamemaliza sindano zao, kifaduro kikaingia mtaani. Wangu hawakuumwa. Wa jirani, ambaye bado hajafikisha kilo za nesi, alikohoa mpaka pumzi ikakatika, tukamzika. Nesi alikuja msibani na kanga mpya, akamshika mfiwa mkono, akasema, "Ni kazi ya Mungu."

"Mungu hakuwa zamu siku ile," nilimjibu mbele ya watu wote. "Zamu ilikuwa yako."