Ini Bovu Hupewa Mbwa

Jumamosi nilikuwa Kisongo, mzee mmoja alipochinjiwa kondoo wa shukrani baada ya kutoka hospitali. Umanjano wote ulikuwa umemtoka machoni.

"Daktari alinipitishia mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye njia ya nyongo," alitusimulia, "akavuta ngozi za fuko la maji la mdudu, lililokuwa limepasuka kwenye ini. Akasema mayai ya mdudu huyo tunayapata kwa mbwa waliokula maini mabichi yenye mafuko."

Alisimulia vizuri hivi kwamba daktari angempa alama zote.

Hapo shemeji yake, aliyekuwa akichambua matumbo ya kondoo huku mbavu zikiiva motoni, akainua ini lenye mafuko meupe. "Hili bovu. Mgonjwa wetu asiliguse." Akamrushia mbwa. Tukamsifu kwa uangalifu wake, hata mimi.

Mbwa alipomaliza, akaja kumlamba mzee vidole.

"Huyu ndiye aliyenilindia boma nikiwa nimelazwa," mzee akasema, akimpapasa mdomo. Kwa mkono uleule akachukua ubavu wa nyama choma, akaninyooshea. "Karibu, mwanangu."

Mimi, ambaye hata Kwaresima hunishinda, nikamjibu, "Samahani mzee, leo nimefunga."