Kamati ya Mofini

Baba alipotolewa hospitali mjini Voi, saratani ikiwa imeshaingia kwenye mifupa ya nyonga, muuguzi alinikabidhi dawa mbili: mofini ya maji, kila baada ya saa nne, na vidonge vya parasetamoli, kila baada ya saa sita.

"Zote mbili, dada. Kila moja inashika maumivu kwa njia yake. Usisubiri mpaka alie."

Tulifika nyumbani Sagalla saa nane mchana. Kufikia saa tisa ukoo ulikuwa umeunda kamati.

Kwetu hakuna jambo dogo kiasi cha kukosa mwenyekiti. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, alikalia kiti. Shangazi alifungua kwa sala. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, niliandika kumbukumbu. Ajenda ilikuwa moja: mofini. Mgonjwa hakualikwa, alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, amelalia ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa haulaliki.

"Hiyo ni dawa ya kuagana," alisema shangazi. "Ukiona umepewa, jua jeneza limeshapimwa."

Baba mdogo akaja na hoja ya maji. "Sisi ni watu wa tangi la maji ya mvua. Nani hapa hufungulia tangi wakati mtungi bado una kitu? Tuanze na vidonge. Mofini tuweke, siku mbaya inakuja."

Hoja ikaungwa mkono na wote. Nasema wote, maana mkono wangu pia uliinuka, ukiwa na kalamu.

Kwa siku tatu parasetamoli ilitumwa peke yake, kama mtu mmoja aliyeambiwa asukume lori. Baba aliacha kula, kisha akaacha kutugombeza. Hilo la pili ndilo lililotutisha. Kikao kikaitwa tena. Shangazi akapendekeza vidonge viongezwe, vitatu badala ya viwili, na mimi nikampigia muuguzi, simu ikiwa mezani wote wasikie.

"Msiongeze! Mtamharibia ini. Mofini iko wapi?"

"Kabatini," alijibu mwenyekiti kwa fahari. "Hata kifuniko hakijaguswa."

"Na kabati linaendeleaje, mzee? Limepata nafuu?"

Sauti ikatoka chumba cha pili.

"Mwenyekiti, nina hoja. Hiyo siku mbaya mnayoiwekea akiba, ndiyo hii."

Niliinuka bila ruhusa ya kiti. Nilimpimia mofini kama muuguzi alivyoelekeza, nikampa na vidonge viwili. Shangazi akaketi kando ya kitanda kusubiri kifo.

Haikufika saa moja baba akafungua macho. "Mbona unanitazama kama kuku wa Krismasi?" akamuuliza, akaomba uji. Alikunywa nusu kikombe. Kisha akajigeuza mwenyewe, polepole, akalalia ubavu wa kushoto, akasinzia.

Shangazi alimwekea kiganja puani. "Anapumua," alitangaza, kama mtu aliyekosewa adabu.

Baba mdogo aliniuliza kwa kunong'ona tuandike azimio gani. Nilitazama saa ya ukutani, nikaandika saa ya dozi inayofuata.