Nilivyokinywesha Kichwa cha Treni

Nichekeni tu wenzangu, mimi mwenyewe kicheko hakinitoki. Marehemu mume wangu Kasimiri, dereva wa treni, aliniachia kichwa cha treni cha kuchezea. Ni yeye tu aliyekiendesha, kwa kuzungusha kitufe. Tangu afe, kilikaa kimya kwenye reli yake sebuleni, hapa mtaani kwetu Ng'ambo.

Juzi wanajumuiya wenzangu wa kanisani walikuja kumwombea. Mimi ndiye kiongozi wao, mkali wa kukataza matambiko. Katikati ya sala kichwa kikapiga honi, kikaanza kutembea, wala hakuna aliyekigusa.

"Yesu wangu!" nikapiga kelele. "Kasimiri ana kiu!"

Nikakimbilia jikoni, nikakoroga unga wa mtama na maji, kama bibi yangu Nyamizi alivyowapa mizimu, nikakimwagia.

"Pokea, baba Yohana, utulie!"

Kikafuka moshi, kikazima.

Mwanangu Yohana, fundi redio, akainuka na simu mkononi.

"Mama, ni mimi. Nilikifungia kifaa kipya, kiendeshwe kwa simu. Nilitaka usikie tena honi ya baba."

"Kitapona?"

"Kimeungua, mama."

Mama Tekla, mmoja wa wanajumuiya, akaiokota rozari yangu iliyoangukia kwenye ule unga, akaninyooshea mbele ya wote.

"Shika, kiongozi."