Uzi Chini ya Kola

Dobi hakuwahi kuchanganya nguo za watu. Kila mteja alikuwa na uzi wake chini ya kola: mwekundu wa mwalimu, wa kijani wa mpishi. Uzi ukishashonwa hautolewi mpaka nguo ichakae. Miaka ishirini aliinua mabeseni, hadi moyo ulipoanza kumlemea, kama ulivyomlemea marehemu baba yao, na kama ulivyokuwa ukimlemea mdogo wake, kinyozi.

Basi hospitali ilipotafuta watu wa kujaribu tiba mpya, ndugu hao walikwenda pamoja. Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa wao ulitokana na jeni mbovu waliyoirithi. Kirusi kilichoondolewa madhara kingebebeshwa jeni nzima, kiifikishe moyoni. Kwanza wakatolewa damu.

Juma lililofuata daktari alimgeukia Dobi. "Mama, damu yako ina kingamwili za kirusi hiki. Uliwahi kukutana nacho, labda utotoni. Tukikutia, mwili utakiua njiani."

"Mbona sikuugua?"

"Si lazima uugue. Mwili ulikiona, ukakitia alama."

Mambo ya alama Dobi hakuhitaji kufundishwa. "Na huyu mdogo wangu?"

"Yeye hana. Ila akishapewa, mwili wake nao utakitia alama. Hakuna dozi ya pili."

Nje, kinyozi alikaa kwenye benchi. "Mimi sitaki, dada. Tulikuja wawili."

"Ukikataa, fungu lako hawatanipa mimi."

"Nitasubiri wapate dawa ya wote."

"Na hicho kirusi kikikupata kwanza kazini kwako, mwili ukakitia alama, huku vichwa vya watu vinakukoholea kutwa nzima?" Akamkazia macho. "Kinyozi hajinyoi. Tulia unyolewe."

Kinyozi akacheka, kisha akafuta macho kwa kiganja.

Alilazwa wiki hiyo, akapewa dozi yake. Kwa miezi mitatu alimeza vidonge vya kutuliza kinga, isije ikaushambulia moyo wenyewe, na mwenye mafua hakukaribishwa kwao. Nguo za mdogo wake Dobi alizifua kando, maji nusu beseni, maana beseni zima lilikuwa limeshamshinda.

Mwezi wa nne kinyozi alipanda ngazi za nyumbani bila kupumzika. Alipofika juu akageuka. Dada yake alikuwa bado kwenye ngazi ya sita, ameegemea ukuta, kikapu cha nguo miguuni.

Akashuka, akakibeba. Wakapanda kwa mwendo wa dada.