Nyuki Wanaomkimbia Mgogo

Pembeni mwa ukurasa mmoja wa tasnifu ya mwanafunzi wangu kuna maneno mawili ya mwandiko wangu: "Vizuri. Panua." Nilipoyaandika niliamini nimefanya kazi.

Mwanafunzi huyo ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, Mgogo wa Dodoma aliyeolewa Urambo. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili, mimi nikiwa msimamizi wake. Utafiti wake ulihusu wafuga nyuki wa misitu ya Kaliua: nani anaruhusiwa kutundika mzinga wapi, na wageni wanapokelewaje. Alikwenda huko likizo ya Juni, akarudi na simu iliyojaa sauti za wazee. Baadaye tukapata sura nzuri, na kutoka kwenye sura hiyo tukatoa makala ambayo jarida moja liliikubali. Jina langu lilitangulia. Ndivyo tulivyozoea chuoni: aliyekwenda msituni huandikwa nyuma. Bila makala hiyo asingeruhusiwa kuhitimu, na kule Dodoma mama yake alikuwa ameshashonesha kitenge cha mahafali.

Kabla makala haijatoka tulipanda treni kwenda kuwapa wazee mrejesho. Mimi ndiye niliyesisitiza. Napenda kuonekana mtu wa maadili. Walitupokea kwenye ghala la asali la kikundi chao, na zilipokwisha shikamoo zote tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, nikasoma matokeo kwa sauti yangu ya mikutano. Tokeo la nne lilisema kuwa makundi ya nyuki huhama mizinga pale wageni kutoka kanda ya kati wanapoingia msituni, hivyo inashauriwa uingiaji wao udhibitiwe. Ghala zima likaangua kicheko.

Aliyecheka kuliko wote ni mzee aliyeyasema maneno hayo. Ilinichukua muda kuelewa, jambo la aibu kwa Mnyamwezi kama mimi. Sisi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakikatiza Ugogo na mizigo kwenda pwani. Mtani akiingia kwako humwachi akae salama. Mzee alikuwa amemwambia Mgogo wangu kwamba nyuki wa huku wakisikia Wagogo wamefika wanahama, kwa sababu wanajua wataombwa asali. Naye akamjibu kwamba nyuki hao wanamkimbia mzee mwenyewe, maana haogi. Wakacheka weee. Yote hayo yamo kwenye rekodi. Kwenye makala walibaki nyuki tu, na walikuwa wanahama kwa dhati kabisa.

Kisha mzee akaacha kucheka, akaniuliza kama maneno hayo yameshachapwa. Nikasema bado kidogo.

"Mjukuu wangu ameoa kwao huyu," akasema, akimwonyesha mtani wake kwa kidevu. "Wakwe zake wamesoma. Wakikuta nimesema Wagogo wazuiwe msituni, huo si utani tena. Mtani namwambia usoni, naye ananirudishia. Kwenye karatasi atanirudishiaje?"

Nilifunga faili langu.

Treni ya kurudi ilichelewa, na pale stesheni mwanafunzi wangu akanieleza bila kuulizwa. Alipotoka msituni alikuta rundo la mitihani ya wanafunzi wake inayosubiri kusahihishwa. Akazipakia rekodi kwenye programu ya akili mnemba, ikazigeuza kuwa maandishi, ikazifupisha, ikampa matokeo kwa lugha iliyonyooka. Alikusudia kuzisikiliza baadaye. Kilichomuuma zaidi, alisema, ni kwamba wazee walikubali kurekodiwa kwa ahadi kuwa sauti zao zitasikilizwa na yeye na mimi tu. Kati yetu hakuna aliyezisikiliza.

Nilikuwa nimeshakohoa tayari kuanza hotuba. Ninayo moja nzuri kuhusu uaminifu wa kitaaluma, huwa naitoa kila mwaka kwa wanafunzi wapya. Ndipo nikaikumbuka ile "Vizuri. Panua." Sura yake ilinifikia wiki ya vikao. Niliipeleka kwenye programu ileile nikaomba muhtasari, nayo ikaniambia kwamba tokeo la nne ni jipya na linastahili kupanuliwa. Programu iliandika, programu ikasoma, ikajisifu, na mimi nikaikopesha kalamu.

Nikamwambia. Nilitarajia atacheka, au atafurahi kupata mwenzake.

"Kumbe hatukuwepo wote wawili," akasema.

Nikapendekeza, kwa sauti ya chini kidogo, tumwombe mhariri aondoe tokeo la nne peke yake. Makala ingetoka, angehitimu, na wakwe wa yule mjukuu wasingesoma chochote.

"Na yale matatu, mwalimu, nani ameyasikiliza?"

Hapo hotuba yangu ya kila mwaka ilikuwa imeshatolewa, na kwa maneno machache zaidi. Nikasema basi nitaandika barua mbili, ya kumwomba mhariri aiondoe makala yote na ya kuieleza kamati ya chuo, na nitajitahidi kumkinga.

"Tuandike wote," akasema. "Kwenye makala jina lako lilitangulia. Na huku litangulie."

Lilitangulia. Kamati ilimtaka arudie sura yote tangu mwanzo, na ahitimu mwaka unaofuata. Mimi nilizuiwa kupokea wanafunzi wapya, nikaachiwa yeye, nadhani kama adhabu kwetu sote. Kitenge cha Dodoma kimerudi sandukuni. Mama yake, nimeambiwa, ananisalimia, lakini si kwa jina langu.

Sasa kila Jumamosi mwanafunzi wangu ananiletea kurasa alizosikiliza na kuandika mwenyewe, na simu yenye rekodi. Ninasikiliza nikifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila mzee anapocheka ameandika "anacheka", na wazee wale wanacheka sana. Wiki iliyopita nilifika mahali mzee anaposema mwenye mzinga wa kwanza ndiye mwenye msitu, kisha kimya, na hakuna kicheko. Pembeni nikaandika: "Hapa anakutania au anasema kweli?"

Ukurasa umerudi jana. Chini ya swali langu ameandika: "Hata mimi sijui. Twende tukamuulize." Treni ni Alhamisi.