Mshale Uliokataa Kupanda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa wateja, mshona mapazia huwasha gari lake na kukaa ndani bila kwenda popote. Gari ni la zamani. Rangi yake ilikuwa kijani na sasa haina jina. Kiti cha nyuma kiling'olewa ili marobota ya vitambaa yalale kwa urefu wao. Anashika usukani na kutazama mshale wa geji ya joto ukiondoka kwenye ubaridi, ukipanda polepole mno hata jicho haliuoni mwendo wake. Linaona tu kwamba umefika mahali pengine. Kwa kitambo hicho hana mume, hana watoto, hana cherehani. Anawaza madirisha.

Amepima madirisha mengi katika mji huu. Anaijua nyumba ambayo jua huingia chumbani kama maji yanayomwagika ngazini, na nyingine ambayo mwanga hauingii mpaka ubembelezwe. Husimama katikati ya chumba cha mtu asiyemjua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na kwa muda mfupi anaishi humo: anaweka kitanda pale, anasogeza meza kule, anazeeka. Kisha anaandika vipimo na kuondoka. Wenzake wa kazi hiyo hukaa dukani wakisubiri wateja walete vipimo vyao wenyewe, ambavyo mara nyingi huwa vya kukisia. Yeye huwafuata majumbani. Bila gari hawezi kuwafuata.

Gari alilirithi kutoka kwa shangazi yake, aliyemfundisha pia kulitunza. Kitu cha kwanza alichomwonyesha chini ya boneti kilikuwa sensa ya joto: kipande cha shaba cha kujaa kiganjani, kimekazwa ubavuni mwa injini, ncha yake ikiwa ndani ya maji ya kupoza na waya mmoja tu ukiwa umechomekwa kichwani. "Gari linachovya kidole hapa kujua kama limeiva," alisema shangazi. Basi kila mwezi, injini ikiwa imepoa, mshona mapazia huchomoa ule waya, husugua kichwa cha sensa kwa mswaki mkuukuu mpaka ukoga wa kijani utoke, kisha huurudisha waya mahali pake. Watoto wake walikua wakiuona mswaki huo kwenye droo ya nyuzi, wakidhani mama yao hupiga mswaki akiwa kazini.

Mwezi huu kichwa cha sensa kilimvunjikia mkononi.

Mumewe ni fundi bomba. Mtaani wanamwita Tone, kwa kuwa hujisifu kwamba pale alipopita yeye hapadondoki hata tone. Alipokiona kile kipande kilichovunjika alicheka. "Mama watoto, hilo ni bomba tu, limeota waya." Akanunua sensa mpya. Akasubiri injini ipoe, akapunguza maji ya rejeta kwenye ndoo, akafungua ya zamani, akakaza mpya, akajaza maji na kuitoa hewa yote. Hakikudondoka kitu. Lakini mshale haukupanda.

Kwanza alisema injini bado haijapata moto. Kisha akasema geji imezeeka. Mwishowe akasema gari lenyewe limekwisha. Liliwahi kuchemka kwenye mlima, na gharama za matengenezo ya wakati ule ziliwakausha wote wawili. Sasa lingechemka bila hata kutoa habari. Tone akazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Angekuja kulivuta Jumamosi mchana. Mshona mapazia hakubisha. Ila alianza kuota nyumba moja kubwa, yenye vyumba vinavyozaa vyumba, na kila pazia alilolifungua lilikuwa limefunika ukuta mtupu.

Jumamosi asubuhi alimwita mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi magari.

"Shemeji, umekuja na spana au umekuja na tumbo?"

"Vyote viwili. Ila tumbo ndilo limetangulia."

"Litasubiri. Gari kwanza."

Tone alikuwa amekaa barazani, amewapa mgongo. "Mnapoteza muda," alisema bila kugeuka. "Kitu kipya, nimekifunga mwenyewe."

"Kaka, nani kasema neno? Naangalia tu."

Fundi alichomoa ule waya, akamwomba shemeji yake afungue swichi, akaigusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka mpaka juu kabisa. Geji nzima, waya mzima. Akapunguza maji, akaifungua sensa. Ilitoka imevaa nguo: utepe mweupe wa mabomba, umezungushwa juu ya hesi, ile mizunguko ya kukazia, tabaka kwa tabaka, nadhifu kama kidonda kilichofungwa na muuguzi. Fundi akautazama utepe, kisha akatazama barazani.

"Naomba sufuria," alisema.

"Ya chai? Ukiniharibia, utakunywa hivyo hivyo."

Jikoni aliitumbukiza ncha ya sensa majini na kuweka nyaya mbili za mita ya umeme, mmoja kichwani, mwingine kwenye shaba iliyo juu ya utepe. Maji yalivyozidi kupata moto, ndivyo namba za mita, zinazoonyesha umeme unavyozuiwa, zilivyoshuka.

"Unaona? Ikipata joto, inaachia umeme mwingi zaidi upite. Haina ugonjwa."

"Sasa mbona kwenye gari imekufa?"

Alishusha sauti. "Waya ni mmoja, shemeji. Umeme ukishaingia kichwani, unatokea kwenye hesi kwenda kwenye chuma cha injini. Kaka ameziba pa kutokea. Kazi safi sana. Ya bomba."

"Kamwambie."

"Mimi? Yule ndiye aliyenifundisha kushika spana. Mwambie wewe, anakula kwako." Akafikiri kidogo. "Au tuutoe tu kimyakimya. Adhani limejiponya."

Mvuke ulikuwa umefunika kioo cha dirisha la jikoni. Mshona mapazia aliutazama kama anayesubiri ufunguke. Ingekuwa rahisi. Mshale ungepanda, na hakuna ambaye angeona aibu. Lakini Tone alikuwa ameshaamini gari limekufa, na gari linalofufuka bila sababu hufa tena bila sababu. Akaikunja sensa kwenye kitambaa, akaipeleka barazani na kumwekea mumewe mkononi.

"Utepe huu ni wa nini?"

"Wa nini tena! Maji yasivuje."

"Na umeme upite wapi?"

Akamweleza. Tone alikigeuzageuza kile kipande, uso wake ukiwa wa mtu aliyefunga mlango vizuri sana kisha akakuta amejifungia nje.

"Mdogo wako anasema ni kazi safi sana."

"Mwambie anyamaze, ale." Nyuma ya boneti mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

Tone akaushika utepe kwa ukucha, akauvuta, nao ukafunguka wote kwa mkupuo mmoja mrefu mpaka shaba ikang'aa. "Na maji je?"

"Ile pete ya shaba, washa yake, inayazuia!" mdogo wake alipaza sauti. "Na ukaze kiasi, kaka. Si bomba la mtaa mzima."

Aliikaza mwenyewe. Walikuwa wanamalizia kutoa hewa kwenye rejeta wakati gari la kuvuta lilipoziba lango na kupiga honi. Mshona mapazia aliingia garini na kuwasha. Honi ikalia tena, ikawa kama inatoka mbali, katika mji mwingine. Alitazama mshale. Ulilala. Aliona dirisha refu la ngazini, jua likishuka kidato baada ya kidato, na mtu asiye na sura akisogeza meza. Alipotazama tena, mshale haukuwa pale alipouacha.

Tone aliingiza kichwa dirishani, shavu lake karibu na la mkewe, wakautazama ukifika katikati na kutulia. Kisha akaenda langoni.

"Ndugu yangu, samahani. Haliuzwi."

"Si ulisema limekufa?"

"Nilisema. Kosa langu."

Nyuma yake mkewe alikuwa ameshaweka gia. Akatoa kichwa nje, akamwita yule mwenye gari la kuvuta.

"Kaka, rudi nyuma kidogo, umeniziba. Kuna mtu ananisubiri nikampimie madirisha."