Alichosema Gilles Ufukweni

Évode ni mtu ambaye ukimwambia kuna meli ya kwenda Ufini na kurudi, bure, na chakula juu, atakujibu kwamba tumbo linamsumbua. Tumbo hilo limemsumbua miaka ishirini na miwili sasa. Wenzake wa jikoni, kwenye shule moja ya Vällingby, huku Uswidi, anakomenya viazi na kusukuma toroli za sahani, huenda safari hiyo kila Novemba na kumletea chokoleti. Yeye anakaa Hjulsta, treni ya bluu inapoishia, na katika mji huu wenye maji kila kona anajua madaraja yote. Kivuko hapandi, na ukimuuliza sana anakasirika.

Basi fikiria mtu huyo kuletewa mashua mpaka ukumbini kwao.

Aliyemletea ni Roméo, mwenyekiti wa chama cha Warundi, mtu mwema lakini mdomo wake hauna kofuli. Roméo alikulia Buyenzi, Bujumbura, na anakumbuka kwamba kabla ya vita Évode alikuwa mkalimani wa filamu katika nyumba ya video. Kazi hiyo vijana wa leo hawaijui. Filamu inaongea Kiingereza, watu sabini wamebanana kwenye mabenchi, na mtu mmoja kasimama kando ya televisheni na maikrofoni, anawasemea wote kwa Kiswahili: jemadari, mke wa jemadari, adui, hata mbwa. Kiingereza cha Évode kilikuwa cha kubahatisha. Asichokielewa alikitunga, na watu walikuja kusikiliza hicho hicho alichokitunga.

"Kaka, nimeipata!" Roméo alimwambia kwenye simu. "Ile ya zamani ya Wamarekani, ya mashua za torpedo. Jumamosi saa nane mchana, ukumbini kwetu. Utatutafsiria kama zamani. Na lile neno lako la baharia, weee! Nimeshawaambia watu waje na vitambaa vya machozi."

Évode alitafuta kiti akakaa.

"Nani wanakuja?"

"Wote, bwana. Mpaka mama Elvire amesema atakaa mbele."

Mama Elvire ni Xavérine, mjane wa Gilles. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo Évode hajawahi kumwambia binadamu, si padri, si marehemu mkewe.

Filamu ile ya nyeusi na nyeupe ni ya mabaharia wa mashua ndogo za mbao, zenye mbio, zinazobeba torpedo, yale mabomu yanayoogelea majini kutafuta ubavu wa meli. Vita vinawaelemea, mashua zinakwisha moja moja, mpaka inabaki ya mwisho na nafasi hazitoshi. Baharia mmoja, fundi wa injini, anashuka, anabaki ufukweni na kuinua mkono. Hasemi kitu. Lakini mkalimani gani angeacha mahali patamu kama pale pakae kimya? Évode alimtungia neno: "Mwambieni mama watoto, kiti changu nimempa mwenye haki nacho." Buyenzi nzima ililia.

Mwaka wa tisini na sita, alfajiri, Évode na rafiki yake Gilles walikimbia vita mpaka ziwani, wavuke kwenda Kigoma. Xavérine alikuwa ametangulia juzi yake, Elvire wa miaka miwili mgongoni. Évode alifika kwenye boti kwanza, akapanda, akashika kamba iliyoizuia isiondoke. Mara ikasikika injini ya boti ya doria. Gilles alikuwa bado anakuja, maji magotini, hatua thelathini tu. Nafasi ilikuwepo. Évode akaiachia kamba, boti ikaondoka, na Gilles hakuonekana tena.

Siku nne baadaye, kwenye kambi ya wakimbizi, Xavérine alimuuliza mume wake yuko wapi. Évode alifungua mdomo, na kwa hofu kikatoka kilichokuwa karibu. Gilles amempisha bibi mmoja mgonjwa, alisema. Gilles amesema, mwambieni mama watoto, kiti changu nimempa mwenye haki nacho.

Xavérine hakuwahi kuingia nyumba ya video maishani mwake, kwao zilikuwa za wahuni, kwa hiyo aliyapokea maneno hayo. Na aliyapokea kweli kweli! Maneno yale yalisomwa kwenye misa za kumbukumbu, yakasomwa kwenye harusi ya Elvire. Hadi leo Elvire, muuguzi wa miaka thelathini, hakai kwenye treni kama kuna mtu mzima kasimama. Wanawe wakinung'unika kwa Kiswidi kwamba wamechoka, anawaambia, "Simameni, hicho kiti cha babu." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila ya Évode ilifika mpaka Uswidi.

Wiki ile alijikata kidole mara mbili na kumwaga ndoo nzima ya mchuzi. Alifikiria kusingizia tumbo. Lakini asipokwenda yeye, Roméo angeshika maikrofoni mwenyewe, na Roméo neno lile analijua kwa moyo. "Nitalipita," alijiambia. "Baharia hasemi, na mimi sitasema."

Jumamosi theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope. Viatu vilirundikana mlangoni, na Évode alipovua vyake akaona jinsi vitakavyofunikwa na vya wengine. Hata akitaka kukimbia, atakimbia na soksi. Xavérine alikuwa mstari wa mbele, koti mapajani, chupa ya chai miguuni.

"Karibu, shemeji," alisema kwa furaha. "Leo nitakiona hicho kipaji. Miaka yote nakisikia tu."

Évode alicheka, akaenda kushika maikrofoni.

Alianza vibaya. Kisha nahodha akamfokea mpishi, Évode akampa mpishi jibu la kihuni la Buyenzi, ukumbi ukaanguka kicheko, na kwa nusu saa akasahau. Jamani, alikuwa anajua kazi! Halafu mashua ya mwisho ikawasha injini. Mngurumo ulijaa kwenye spika, ule ule wa ziwani, na jasho likamtoka mpaka maikrofoni ikateleza. Fundi akashuka mashuani. Akainua mkono. Évode akanyamaza.

"Haya kaka, toa!" alipiga kelele Roméo.

Évode alitikisa kichwa.

"Amezeeka, amesahau! Basi nawatolea mimi." Roméo akasimama, mkono kifuani: "Mwambieni mama watoto, kiti changu nimempa mwenye haki nacho!"

Watu wawili wa Buyenzi walimalizia naye, wakapigiana makofi. Kikombe cha Xavérine kilisimama karibu na mdomo. Elvire, aliyekuwa ukutani, alimgeukia mama yake. Xavérine hakuangalia filamu tena, alimwangalia Évode.

"Shemeji. Neno hilo ulikuwa unalisema lini?"

"Mwaka wa tisini na mbili, mama!" alijibu Roméo, maskini, kwa fahari. "Miaka minne kabla hatujakimbia. Nilikuwepo!"

Roméo akaizima sauti ya filamu, kwani alianza kuona nyuso za watu. Picha ikabaki inacheza.

"Na Gilles alisema nini?" aliuliza Xavérine.

Uongo mwingine ulikuja wenyewe, umeshavaa na viatu. Gilles alikuwa mteja wa kila Jumapili, filamu ile aliijua. Si angeweza kulikumbuka neno lile pale ufukweni akalisema? Xavérine angeamini. Angeshukuru hata. Évode alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilimsukuma kule kule ilikomsukuma miaka ishirini na minane iliyopita. Alitazama televisheni. Mkono wa baharia ulikuwa bado juu.

Akainua maikrofoni, kwa sababu bila maikrofoni asingeweza.

"Anasema, Évode, nisubiri."

Hakuna aliyecheka. Xavérine aliweka kikombe chini polepole, asimwage.

"Alisema mara ngapi?"

"Mara tatu. Nafasi ilikuwepo, shemeji. Kamba nilikuwa nayo mimi."

Elvire alipeleka mkono mdomoni. Xavérine alivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kisha akasimama mbele ya Évode, karibu kabisa.

"Wajukuu wangu," alisema, "wanasimama kwenye treni kutoka hapa mpaka mjini. Wamechoka, wanalia, tunawaambia simameni." Akamwonyesha kidole. "Walikuwa wanakusimamia wewe."

Akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake kwenye rundo lile, na Elvire akapiga magoti kumsaidia. Évode alitaka kusema nisamehe. Alikuwa na maikrofoni mdomoni, na ukumbi mzima ulisikia anavyohema.